Kinundu Kipya kwa Mzee: Damu Ipimwe Kabla ya Krimu

Mzee akitokwa na vipele au vinundu vipya, nyumba nyingi huanza kwa kutafuta sababu ya karibu: joto, samaki aliyeliwa juzi, sabuni mpya, wadudu, au uzee wenyewe. Hatua ya pili ni duka la dawa, ambako mtu hutoka na krimu iliyochanganya dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi. Hiyo ikishindwa, hununuliwa nyingine. Mara nyingi hakuna kinachoharibika, kwa kuwa vipele vingi huondoka vyenyewe. Lakini liko kundi dogo la wazee ambao kwao wiki hizo za kujaribu krimu zina gharama kubwa kuliko fedha zilizolipwa, kwa sababu kilichojaa ndani ya ngozi yao ni seli za saratani kali ya damu zilizotoka kwenye uboho wa mifupa. Hoja ya makala hii ni moja: kinundu kipya kwa mtu aliyevuka miaka 60 hakihukumiwi kwa macho. Kikiwa kigumu, kikiongezeka, au kikiandamana na uchovu, homa au kutokwa damu, kihukumiwe kwa vipimo viwili, yaani picha kamili ya damu na kipande kidogo cha ngozi, kabla ya kupakwa dawa yoyote.

Ili kuona kwa nini ngozi na damu haviachani hapa, tuanze na uboho. Ndani ya mifupa mikubwa hutengenezwa chembe nyekundu zinazobeba hewa ya oksijeni, chembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na chembe sahani zinazosaidia damu kuganda. Katika lukemia kali, yaani hiyo saratani kali ya damu, seli changa zisizokomaa huzaliana bila mpango, hujaza uboho na kuzinyima nafasi chembe zenye kazi. Aina inayowapata zaidi watu wazima huitwa lukemia kali ya mieloidi, nayo ni ugonjwa wa umri mkubwa: nchini Marekani, ambako takwimu zake zimetunzwa kwa muda mrefu, nusu ya wagonjwa hugunduliwa wakiwa na miaka karibu 69 au zaidi. Kati ya wagonjwa 100 wa aina hii, tafiti mbalimbali zimekuta kuwa kati ya 3 na 15 hivi hupata vinundu vyenye seli za saratani kwenye ngozi. Idadi hupanda kwa wale ambao saratani yao ni ya ukoo wa monosaiti. Sababu yake inaeleweka. Monosaiti ni chembe nyeupe ambayo hata katika mwili wenye afya kazi yake ni kutoka kwenye mishipa ya damu na kuingia kwenye nyama na ngozi. Ikigeuka saratani haisahau tabia hiyo. Ndiyo maana mgonjwa huyohuyo mwenye vinundu huweza pia kuvimba fizi mpaka zikaanza kuyafunika meno.

Vinundu hivyo kwa kawaida ni vigumu vikibonyezwa, haviwashi, na mara nyingi haviumi. Vinaweza kuwa vidogo kama punje ya mtama au vikubwa kufikia sentimita kadhaa, vichache au vingi, miguuni, mikononi, kifuani, mgongoni, kichwani au usoni. Vitabu husema rangi yake ni nyekundu, ya hudhurungi au ya zambarau, lakini picha nyingi za vitabuni zimepigwa kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufifia. Kinachoonekana ni weusi uliozidi ule wa ngozi ya jirani, rangi ya zambarau iliyokolea, au kijivu, na wakati mwingine rangi haibadiliki kabisa, ni uvimbe tu. Kwa hiyo kidole kina kazi kubwa kuliko jicho. Papasa, linganisha na ngozi ya upande wa pili, na uangalie chini ya mwanga wa mchana.

Pamoja na vinundu hivyo, ngozi hutoa dalili za namna nyingine mbili zinazotokana na ugonjwa huohuo. Namna ya kwanza ni matokeo ya upungufu. Chembe nyekundu zikipungua, mzee hupauka, na kwa mtu mweusi hilo huonekana kwenye viganja, kwenye ulimi na ndani ya kope la chini. Chembe sahani zikipungua, hutokea vidoa vya damu vidogo kama ncha ya sindano, hasa kwenye miguu na kwenye paa la kinywa, na damu huvilia chini ya ngozi bila mtu kukumbuka aligongwa wapi. Ukikandamiza vidoa hivyo kwa glasi angavu, havififii. Chembe nyeupe zenye afya zikipungua, kidonda kidogo hakiponi, jipu huzaa jipu, au hutokea doa lenye kitovu cheusi kilichokufa, ambalo linaweza kuwa dalili ya bakteria aliyeingia kwenye damu. Namna ya pili ni ngozi kuwaka bila kuwa na seli za saratani ndani yake. Mfano unaojulikana zaidi ni ule ulioelezwa mwaka 1964 na daktari wa Uingereza Robert Sweet: homa ya ghafla pamoja na mabaka yaliyovimba yanayouma yakiguswa. Hali hiyo inaweza kuja kabla ya saratani ya damu kujulikana, na hutulia kwa steroidi. Hatari yake iko hapo, kwa maana mzee akipewa vidonge, akapata nafuu, hakuna atakayefikiria kuipima damu.

Mtu anaweza kuuliza: daktari mzoefu hawezi kuvitambua kwa kuviangalia? Hawezi kwa uhakika, na katika Afrika Mashariki kazi yake ni ngumu zaidi kuliko kwingine. Vinundu vya zambarau kwenye mguu wa mwanaume mzee humfanya tabibu afikirie kwanza saratani ya Kaposi, na ana haki ya kufikiri hivyo, kwa sababu ugonjwa huo ulikuwa ukiwapata wanaume wazee wa ukanda huu hata kabla ya virusi vya UKIMWI kujulikana. Ukoma wa aina ya vinundu bado upo. Zipo saratani za tezi zinazoingia kwenye ngozi, upo ukurutu sugu, zipo fangasi za ndani, upo mzio wa dawa za presha. Magonjwa haya hufanana kwa sura na huachana kabisa kwa tiba. Tena kukisia kuna madhara ya kijamii: mzee aliyeambiwa kwa macho tu kwamba ana ngozi ya UKIMWI hubeba aibu isiyo yake, akajifungia ndani, na siku ya vipimo ikasogezwa mbele zaidi. Kipande cha ngozi kilichoangaliwa kwa hadubini humaliza ubishi huo bila kumtia mtu doa.

Hii haina maana kwamba kila alama kwenye mwili wa mzee ipelekwe maabara. Ngozi ya uzee ina mambo yake ya kawaida. Madoa ya damu kuvilia nyuma ya mikono na kwenye vigasha hutokea kwa sababu ngozi imekuwa nyembamba, hasa kwa mtu anayetumia aspirini, warfarini au steroidi. Vijinyama vyeusi vidogo usoni na shingoni huwapata watu weusi wengi na havina madhara. Uvimbe uliokaa miaka 10 bila kubadilika si dharura. Kinachotakiwa kumshtua mtu ni mambo manne: upya, yaani kitu ambacho hakikuwapo wiki chache zilizopita, ugumu, kuongezeka kwa idadi au ukubwa kati ya wiki moja na nyingine, na kuambatana na mabadiliko ya mwili mzima, kama vile kuchoka kwa kutembea hatua chache, homa zisizoonekana kuwa malaria, kupungua uzito, fizi kuvimba au kutoka damu, na damu ya pua isiyokoma haraka. Mambo mawili kati ya hayo yakikutana, kipimo cha damu kifanyike ndani ya siku chache. Vidoa vya damu vikienea mwilini huku fizi au pua zikitoka damu, safari ya hospitali iwe siku hiyohiyo.

Picha kamili ya damu ni kipimo cha kawaida ambacho hospitali za wilaya zina uwezo wa kukifanya, na karatasi yake haitakiwi kumtisha mtu asiye daktari. Angalia mistari mitatu. Chembe nyeupe za mtu mzima huwa kati ya 4,000 na 11,000 hivi kwa kila maikrolita ya damu. Katika lukemia kali zinaweza kupanda mno, na zikivuka 100,000 ni dharura, lakini pia zinaweza kuwa chache kuliko kawaida, kwa hiyo idadi ndogo isimpe mtu faraja. Hemoglobini iliyo chini ya 13 kwa mwanaume au 12 kwa mwanamke ni upungufu wa damu. Chembe sahani za kawaida ni 150,000 hadi 450,000. Mistari miwili kati ya hii ikiwa nje ya mpaka kwa pamoja, hapo kuna swali linalodai jibu, wala halijibiwi kwa vidonge vya kuongeza damu peke yake. Jambo moja zaidi la kuomba ni tone la damu lipakwe kwenye kioo na kuangaliwa na mtaalamu kwa hadubini. Mashine ya kuhesabu inaweza kuzichanganya seli changa za saratani na monosaiti za kawaida, lakini jicho lililofunzwa huzitenganisha. Hadubini inayotafutia malaria inatosha kwa hatua hii ya kwanza.

Hapa kuna pingamizi la kitaalamu linalostahili kujibiwa. Damu ikiwa safi, si basi tena? Hapana. Baadhi ya wagonjwa hupata vinundu vya saratani kwenye ngozi wiki au miezi kadhaa kabla seli hizo hazijaonekana kwenye damu au uboho. Hali hiyo ni adimu, lakini ipo, na uainishaji wa Shirika la Afya Duniani huuhesabu uvimbe wa seli changa za mieloidi nje ya uboho kuwa sawa na lukemia kali yenyewe hata kama uboho bado ni safi. Ndiyo sababu nimesema vipimo viwili. Picha ya damu iliyo nzuri haifuti haja ya kuchukua kinyama, yaani kile kipande cha ngozi, pale ambapo vinundu vinaendelea kuongezeka, na kinyama chenye majibu ya saratani ya damu hakipuuzwi kwa sababu tu damu inaonekana nzuri. Vipimo hivi hukamilishana, na kimoja kikisema na kingine kikinyamaza, kinachosikilizwa ni kile kilichosema.

Kuchukua kinyama kwenyewe huogopwa kuliko inavyostahili. Daktari huchoma sindano ya ganzi, hutoa kipande cha mviringo chenye upana wa milimita 4 hivi, hushona uzi mmoja au miwili, na mgonjwa hurudi nyumbani. Hata mwenye chembe sahani chache anaweza kufanyiwa, mradi daktari ajue mapema na kidonda kikandamizwe vizuri. Kipande kiwe na kina, kwa kuwa seli hizi hukaa kwenye tabaka la ndani na mara nyingi huacha ukanda mtupu chini kidogo ya ngozi ya juu. Kukwangua juujuu hukosa kitu. Kwa kuwa katika nchi zetu ndugu wa mgonjwa mara nyingi ndiye hubeba sampuli kwenda maabara nyingine, ahakikishe mambo matatu: kichupa kina fomalini ya kutosha, si maji wala spiriti, jina na tarehe vimeandikwa kwenye kichupa chenyewe, na fomu inataja kwamba saratani ya damu inashukiwa. Maneno hayo kwenye fomu humfanya mtaalamu wa patholojia atumie rangi maalumu za kutambua ukoo wa seli. Bila hizo, seli changa zinaweza kudhaniwa kuwa za saratani nyingine.

Wengi wamesikia kwamba uvimbe wa saratani ukiguswa na kisu husambaa. Hofu hiyo ina chanzo kinachoeleweka, maana wagonjwa wengi hufikia kisu wakiwa wamechelewa, wakafariki muda mfupi baadaye, na lawama ikakiangukia kisu. Kwa ugonjwa tunaouzungumzia hapa hofu hiyo haina hata pa kusimama. Lukemia ni ugonjwa wa damu na uboho tangu siku yake ya kwanza, na seli zilizo kwenye ngozi zilifika huko kwa njia ya damu. Hakuna pa kuzisambaza ambako hazina njia ya kufika. Kisu cha milimita 4 hakiongezi chochote kwenye safari hiyo. Kinachoongeza hatari ni muda.

Pingamizi jingine linahusu uchache. Ikiwa ugonjwa huu ni adimu, je, si kuwatisha wazee wengi kwa ajili ya wachache? Jibu langu ni kwamba kipimo cha damu hakifanywi kwa ajili ya lukemia peke yake. Mzee mwenye vinundu vipya, uchovu na homa anaweza kuwa na kifua kikuu, virusi vya UKIMWI, saratani ya tezi, figo zilizochoka, au upungufu wa damu unaotokana na kidonda cha tumbo, na kipimo hichohicho huanza kuonyesha njia ya kila kimoja. Kwa hiyo hata kama lukemia haipo, fedha hazikupotea. Na hesabu ya upande wa pili ni nzito: lukemia kali isiyotibiwa kwa kawaida humwachia mzee wiki au miezi michache tu. Ugonjwa unaokwenda kwa kasi hiyo haumpi mtu nafasi ya kujaribu krimu tatu kwa zamu.

Linabaki pingamizi linalosemwa kwa sauti ya chini: mzee ameshakula chumvi nyingi, kwa nini asumbuliwe? Lina huruma ndani yake, lakini limejengwa juu ya dhana kwamba kupima ni sawa na kumpeleka kwenye dawa kali zisizofaa umri wake. Siku hizi si hivyo. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa VIALE-A uliowahusisha wagonjwa 431 wa lukemia kali ya mieloidi ambao, kwa umri wa miaka 75 na zaidi au kwa magonjwa mengine, hawakufaa kupewa tiba kali. Waliopata azasitidini pamoja na vidonge vya venetoklaksi waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 14.7, na waliopata azasitidini bila venetoklaksi miezi 9.6. Si uponyaji kwa wengi wao, na dawa hizo ni ghali, tena si kila hospitali ya kwetu inazo. Lakini tiba nyepesi zipo kwa ngazi: sitarabini kwa dozi ndogo, haidroksiyurea ya kushusha chembe nyeupe zilizozidi, kuongezewa damu, kutibu maambukizi, na tiba shufaa ya kupunguza maumivu. Ipo pia aina moja ya lukemia kali, ya promielositi, inayojitangaza kwa kutokwa damu na kuvilia sana, ambayo hutibiwa kwa asidi ya aina ya vitamini A na aseniki, na wengi wanaovuka siku za mwanzo za hatari hupona kabisa. Asiyepima hawezi kujua kama mzee wake ana ile inayopona au ile ya kutulizwa tu. Na hata familia itakayochagua tiba shufaa pekee, bora ichague ikijua inachokichagua.

Ugonjwa ukithibitishwa, swali linalofuata ni nini kifanyike kwa ngozi yenyewe. Jibu fupi ni kwamba ngozi haitibiwi peke yake. Kupaka krimu juu ya vinundu hivi ni kupaka rangi ukuta uliolowa huku bomba lililopasuka likiendelea kuvuja nyuma yake. Tiba huelekezwa kwenye uboho, na uboho ukitulia, vinundu kwa kawaida husinyaa na kuacha alama nyeusi zinazofifia polepole. Mionzi inaweza kusaidia pale ambapo kinundu kimoja kinauma, kimepasuka, au kimebaki baada ya vingine kuondoka, lakini ni nyongeza tu. Daktari akiona ngozi imeingiliwa, anaweza kupendekeza pia maji ya uti wa mgongo yapimwe, hasa kwa aina ya monosaiti, kwa kuwa seli zilizopata njia ya kutoka kwenye damu kwenda kwenye ngozi zinaweza kuipata pia njia ya kwenda kwenye ubongo. Kipimo hicho kikipendekezwa, familia isidhani inazungushwa.

Wakati wa tiba, kila kitu kipya kwenye ngozi kinahitaji kutajwa siku hiyohiyo, kwa kuwa sababu ni nyingi na zinagongana: mzio wa dawa, maambukizi, viganja na nyayo kuwaka kwa sababu ya sitarabini, vidonda vya miguu kwa aliyetumia haidroksiyurea muda mrefu, au ugonjwa wenyewe kurudi. Simu ya mkononi ni chombo kizuri hapa. Piga picha kwenye mwanga wa mchana, weka rula pembeni, na rudia kila baada ya siku tatu ukiwa umesimama umbali uleule. Daktari atakayeona picha tano zilizopangwa kwa tarehe ataelewa mwendo wa vinundu vizuri zaidi kuliko kwa maelezo ya mdomo.

Homa ina sheria yake. Nyuzi 38 zikidumu kwa saa moja, au 38.3 zikitokea hata mara moja, kwa mgonjwa ambaye chembe zake nyeupe ni chache, hakuna kusubiri asubuhi. Hiyo ni dharura, na dawa za bakteria zinatakiwa kuingia mwilini haraka kadiri inavyowezekana, ndani ya saa moja baada ya kufika hospitali. Ndiyo maana joto hupimwa kwanza ndipo parasetamoli itolewe, kwa maana dawa hiyo hushusha joto na kuficha ishara.

Utunzaji wa kila siku nyumbani hauhitaji fedha nyingi. Mzee aoge kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali, bila kusuguliwa kwa dodoki, kisha apakwe mafuta mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Nywele na ndevu zikatwe kwa mashine, si kwa wembe. Meno yasafishwe kwa mswaki laini badala ya kijiti cha mti, ili fizi zisichubuliwe. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni ziepukwe, na sindano za kwenye msuli zisichomwe bila daktari anayemtibu kujua. Anayetumia venetoklaksi asile balungi, wala asipewe vidonge vya fangasi kutoka duka la dawa bila kuuliza, kwa kuwa baadhi yake hupandisha dawa hiyo mwilini kufikia kiwango cha hatari.

Nisiruke suala la tiba za asili, kwa sababu wagonjwa wengi hupitia huko kwanza, na kuwakemea huwafanya wafiche. Sala, dua na faraja ya wazee wenzake hazina mgongano na hospitali. Kinachogongana ni vitendo vinavyofungua ngozi. Chale na kuumika kwa mtu mwenye chembe sahani chache huweza kuleta damu isiyokoma, na kwa mtu mwenye chembe nyeupe dhaifu hufungua mlango wa sumu kwenye damu. Kuchua kwa nguvu na kukanda kwa maji ya moto huviliza damu zaidi. Dawa za miti shamba za kunywa huingia kwenye ini lilelile linaloshughulikia dawa za hospitali. Ombi la busara kwa mganga na kwa familia ni kwamba ngozi isichanjwe mpaka picha ya damu iwe mkononi, na kinachonywewa kitajwe mbele ya daktari bila aibu.

Familia nyingine huficha majibu zikidhani mzee atakufa kwa mshtuko. Lakini vinundu viko kwenye mwili wake. Anaviona akioga, anavipapasa usiku, na ukimya wa wanawe humwambia jambo baya kuliko ukweli. Mzee aulizwe kwanza anataka kujua kiasi gani, na nani awepo akiambiwa, kisha aambiwe kwa kiwango hicho. Aambiwe pia kwamba ugonjwa huu hauambukizi, kwamba wajukuu wanaweza kukaa naye mradi hawana mafua wala tetekuwanga, na kwamba yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho kuhusu tiba yake.

Kwa upande wa mahali, hospitali ya wilaya ndiyo ya kuanzia, na rufaa iombwe mapema badala ya kungoja hali izidi. Kwa Tanzania zipo Muhimbili na Ocean Road jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, na KCMC Moshi, ambako pia kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi. Kenya ina Hospitali ya Taifa ya Kenyatta na Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Uganda ina Taasisi ya Saratani ya Uganda mjini Kampala, iliyoanza mwaka 1967. Asiye na uwezo aanzie ofisi ya ustawi wa jamii ndani ya hospitali na aulizie dirisha la wazee, kabla ya kuuza shamba. Ndugu wajipange pia kuchangia damu, kwa sababu itahitajika hata kwa atakayechagua tiba nyepesi.

Utakapofika mbele ya tabibu, usianze na jina la ugonjwa wala la krimu. Mwambie vinundu vilianza lini na vimeongezeka vipi, taja dalili nyingine za mwili pamoja na dawa zote zilizotumika, kisha omba picha kamili ya damu yenye kioo cha hadubini. Ukipewa krimu nyingine bila kipimo, una haki ya kuuliza kwa adabu: vinundu visipopungua ndani ya wiki mbili, kinyama kitachukuliwa wapi na nani? Swali hilo likiandikwa kwenye daftari la mgonjwa pamoja na tarehe ya kurudi, mzee ameshaingia kwenye njia ya kupata jibu.